Nani Aliandika Jina la Kwenu Huko Chini?

Ukimwelekeza mgeni Nairobi, humpi latitudo na longitudo. Unamwambia ashukie Odeon, apite Archives, mkutane Kencom. Kwa Thika Road makanga anaita "Allsops! Drive-In!" na hakuna abiria anauliza bia iko wapi ama sinema iko wapi. Allsopp's ni jina la kampuni ya bia iliyopotea kitambo. Drive-In palikuwa na sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari. Ukienda Globe hutapata sinema ya Globe. Vitu viliisha, majina yakabaki, na jiji zima linatembea kwa hayo majina.

Sasa panda juu. Toka Wilson na kandege kadogo, ukae futi elfu mbili juu ya ardhi, halafu nionyeshe Allsops iko wapi. Manze, utaona barabara pana, mabati, miti kidogo, mabati tena. Kutoka juu, dunia haina majina. Kila jina ambalo rubani amewahi kusoma huko chini, kuna mtu alishika ngazi na rangi akaliandika. Na kwa zile simuleta za ndege ambazo wengi wenu mnacheza, hiyo kazi bado inafanywa na watu, na mara nyingi hawalipwi hata bob.

Nataka tuongelee historia ya hayo maandishi, kwa sababu kila nikitaja lebo kuna msee ataniambia ati kuruka na lebo kwa skrini ni kudanganya, ati rubani wa kweli hasomi majina yakielea hewani. Hiyo hoja ukiijua historia haisimami.

Kwanza tuelewane. Kuna kuruka kwa vyombo, ambapo rubani anaweza kuwa ndani ya wingu zito na bado anajua aliko kwa sababu ya redio, dira na mitambo mingine. Halafu kuna kuruka kwa macho, ile marubani huita VFR. Hapo unatazama nje. Una ramani kwa mapaja, una saa, una dira, na unalinganisha: ramani inasema baada ya dakika sita nitaona mto ukipinda kushoto, je, huo mto uko? Kama uko, endelea. Kama hauko, anza kujiuliza maswali mapema kabla mafuta hayajakuuliza wewe.

Marubani wa kwanza walipenda sana reli. Reli haikauki kama mto wa msimu, haipotei kwa nyasi, na mwisho wake lazima kuna mji. Uingereza walikuwa na utani kuhusu hiyo tabia. Kitabu cha ratiba za treni kiliitwa Bradshaw, kwa hivyo rubani aliyefuata reli walisema anaruka kwa Bradshaw. Hapa kwetu Reli ya Uganda ilifika Kisumu 1901, miaka miwili kabla ndugu Wright hawajainua ndege yao kule Marekani. Yaani tulikuwa na alama ya rubani kabla dunia haijapata rubani. Van Ryneveld na Brand, wale waliotoka Uingereza hadi Cape Town 1920 wakivunja ndege mbili njiani, walipita Kisumu pia.

Lakini kuna mahali hakuna reli. 1921 jeshi la anga la Uingereza lilitaka kupeleka barua kati ya Cairo na Baghdad, na katikati kuna jangwa ambalo kwa macho ya rubani mgeni ni rangi moja tu hadi upeo. Walichofanya ni kuchora njia chini. Magari yalipita yakiacha alama za matairi, na mahali ambapo alama hazikuonekana vizuri wakalima mfereji kwa jembe la trekta, ili rubani afuate mstari huo kama anafuata reli. Vile viwanja vidogo vya kutua njiani walivipa herufi na namba, vikaandikwa ardhini kwa ukubwa wa kusomeka kutoka juu. A, B, C, hivyo. Kumbuka hilo jangwa lilikuwa na wenyewe. Wabedui walikuwa na majina ya visima na mabonde yao vizazi na vizazi, lakini kwa ramani ya rubani pakawa D. Kusoma ilikuwa rahisi, hilo sikatai. Ila aliyeandika ndiye aliyeamua paitwe nani.

Marekani nao walikuwa na shida tofauti. Nchi ilijaa miji midogo inayofanana: kanisa, ghala la nafaka, barabara moja, mnara wa maji. Wale wa ndege za barua walikuwa wakishuka chini kabisa wasome jina la stesheni ya treni, na kufanya hivyo kwa ukungu ni kutafuta kifo. Katika miaka ya 1920 serikali ikaweka taa juu ya minara kutoka New York hadi San Francisco, na chini ya minara mingi wakamwaga mishale ya zege, mingine urefu wa futi 70, wakaipaka rangi ya njano. Kuna mishale iko mpaka leo huko jangwani, zege tupu, rangi imeisha. Lakini mshale unakuambia twende wapi tu. Haukuambii uko wapi.

Hapo ndipo wanaingia watu ninaowapenda zaidi kwa hii stori yote. Phoebe Omlie alikuwa rubani, na katikati ya miaka ya 1930 alisukuma serikali ya Marekani ikubali mpango mmoja rahisi: tuandike jina la mji juu ya paa kubwa kuliko yote mjini. Ghala, kiwanda, hata boma la ng'ombe. Kama paa hakuna, tupange mawe ardhini. Lengo lilikuwa rubani apate jina karibu kila maili 15. Pesa na vibarua walitoka kwa ule mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi wakati uchumi ulikuwa umeanguka. Na waliotumwa kuzunguka nchi wakibembeleza mameya na wenye maghala walikuwa marubani wanawake: Louise Thaden, Helen Richey, Nancy Harkness, Helen McCloskey, Blanche Noyes.

Msidhani walipewa hiyo kazi kwa sababu hawakujua kuruka. 1936 Thaden na Noyes waliingia mashindano ya Bendix, kutoka New York hadi Los Angeles, wakishindana na wanaume wenye ndege za mbio, wakamaliza wa kwanza. Halafu wakarudi kuongea na mwenye ghala kuhusu rangi ya paa lake. Richey naye alikuwa ameajiriwa na kampuni ya ndege za abiria mwishoni mwa 1934, na marubani wanaume wakamfungia mlango wa chama chao hadi akaacha. Kwa hivyo ukisoma kwamba serikali iliwapa wanawake kazi ya kuandika majina, soma pia kwamba kazi nyingine walizozitaka zilikuwa zimefungwa. Wao waliichukua wakaifanya kwa ukubwa ambao hakuna aliyetarajia. Kufikia katikati ya 1936 majimbo 30 yalikuwa ndani ya mpango.

Halafu vita. Desemba 1941 Wajapani wakapiga Pearl Harbor, na ghafla lile jina kubwa kwa paa likawa hatari, maana rubani wa adui pia anajua kusoma. Waingereza walishajifunza hilo 1940, wakang'oa vibao vya barabarani na majina ya stesheni wakihofia Wajerumani watashuka. Marekani, amri ikatoka kwamba maandishi ya karibu na pwani zote mbili yafutwe. Aliyepewa kazi ya kuyafuta ni Blanche Noyes. Mwanamke ametumia miaka akibembeleza watu wapake rangi, sasa anazunguka tena akiwaambia waipake nyeusi. Vita vikaisha, akaanza kuyarudisha.

Hao ndio ninawafikiria mtu akiniambia lebo ni kudanganya. Mtu aliyeshinda mashindano makubwa ya nchi hakuona aibu kusoma jina la mji kwa paa. Alipanda ngazi akaliandika.

Sasa turuke hadi kwa kompyuta. Bruce Artwick alikuwa mwanafunzi wa uhandisi Chuo Kikuu cha Illinois, na 1975 tasnifu yake ilihusu kuonyesha safari ya ndege kwa picha za kompyuta. Mwisho wa miaka ya 70 kampuni yake, subLOGIC, ikatoa simuleta ya Apple II, na 1982 Microsoft wakauza ya kwao iliyotengenezwa na yeye. Ukiiwasha unajikuta Chicago, kiwanja kidogo cha Meigs Field, kando ya ziwa. Majengo ni mistari. Ziwa ni rangi. Ukiona mstari mrefu, huenda huo ni Sears Tower. Ile dunia ilikuwa tupu sana hadi haikuhitaji lebo. Majina yalikuwa kwa ramani za karatasi, na wewe unalinganisha karatasi na skrini, sawasawa na rubani wa 1930.

Hapa kuna kitu kinanishangaza. Ungedhani simuleta ikiwa nzuri zaidi, kujua uliko kunakuwa rahisi. Enyewe ilikuwa kinyume. Kadiri picha zilivyojaa nyumba, miti na barabara, ndivyo mtu alivyopotea. Agosti 2020 ilipotoka Microsoft Flight Simulator mpya, dunia nzima ilikuwa ndani, picha za satelaiti kutoka Bing, viwanja zaidi ya elfu 37, na majengo bilioni 1.5 ambayo hakuna binadamu aliyeyachora moja moja. Kampuni ya Austria, Blackshark.ai, ilifundisha kompyuta kutazama picha ya juu, ikisie hapa kuna nyumba, ina paa la aina gani, iijenge. Mchezaji alifungua akaona kila kitu. Kila kitu bila jina ni kama ule mtaa wa mabati niliosema mwanzo.

Na mashine yenyewe haikujua majina pia. London, Buckingham Palace ikajengwa kama jengo la ofisi. Washington, ule mnara mweupe wa ukumbusho ukageuka kitu kama gorofa. Kwa mashine yote ni paa na kivuli, ikulu na ofisi ni kitu kimoja kama hakuna mtu ameiambia. Kisha Melbourne, Australia. Kwa mtaa wa kawaida wa nyumba fupi ulisimama mnara mwembamba wa gorofa 212, peke yake, ukitoboa mawingu. Sababu? Mwanafunzi mmoja alikuwa amejaza taarifa za jengo kwa OpenStreetMap, ile ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Alitaka kuandika gorofa 2, kidole kikagonga 212. Ramani ilikuja kurekebishwa na watu wengine, lakini simuleta ilikuwa imeshachukua namba ya zamani. Watu wakafunga safari kutoka pande zote za dunia kwenda kuutazama.

Mnacheka, lakini fikirieni maana yake. Kidole cha mtu mmoja kilisimamisha mnara kwa dunia ya mamilioni ya wachezaji. Basi kidole hicho hicho kinaweza kuandika jina.

Na kuandika si ngumu. Ndani ya hiyo simuleta ya 2020 kuna lebo za miji na lebo za sehemu mashuhuri ambazo unaweza kuwasha na kuzima, na vifaa ambavyo Microsoft wametoa vinakuruhusu kuongeza zako. Kimsingi ni faili yenye maandishi: jina, latitudo, longitudo, kimo. Unaifungasha, unaitupa kwa folda inayoitwa Community, unawasha mchezo, jina linaelea pale. Kama laptopu yako ni kama yangu, ile ambayo ikifungua simuleta mpya inalia kama posho mill, tumia Google Earth. Tangu 2007 ina simuleta ndogo ndani, ya bure, ndege mbili tu, na pini yoyote uliyoiweka na kuipa jina utaiona ukiruka.

Kitu cha kuchunga ni namba. Karibu na ikweta nyuzi moja ni kama kilomita 111. Kwa hivyo desimali mbili zinakupa usahihi wa kilomita moja hivi, na desimali nne kama mita 11. KICC iko 1.2886 kusini, 36.8232 mashariki. Ukiteleza ukaandika 1.3886, umeisukuma kilomita 11 kuelekea upande wa simba. Ukisahau ile alama ya kutoa inayomaanisha kusini, KICC inahamia kaskazini mwa ikweta, kilomita kama 25 kutoka Maralal. Wasamburu waamke wakute mnara wa 1973 katikati ya mbuzi.

Swali gumu zaidi ni uandike nini. Lebo ya rubani si lebo ya makanga. Lazima iwe juu ya kitu ambacho jicho linaweza kukamata kutoka mbali, kikubwa, kisichofanana na jirani yake, kisichobadilika na msimu. Longonot ni alama kamili, shimo lile huwezi kulichanganya na kitu kingine. Magadi pia, kwa ile rangi. Ngong, vile vilima vimejipanga kama ngumi. Daraja la SGR ndani ya mbuga, kilomita kama 6 za nguzo, ni mstari ambao hata wale wa jangwa la Baghdad wangeuonea wivu. Ila chunga ukingo wa maziwa. Nakuru, Naivasha na Baringo zilifura miaka hii hadi zikameza nyumba na barabara, kwa hivyo ukiweka lebo kwa ufuo wa picha ya zamani unamwonyesha mtu mahali ambapo leo ni maji. Expressway nayo ilifunguliwa 2022. Kama picha ni ya kabla ya hapo, unaweka jina juu ya vumbi la ujenzi.

Na Allsops? Mimi naiweka. Naiweka juu ya makutano ya Outering na Thika Road, kwa sababu yale mazunguko ya barabara yanaonekana vizuri kutoka juu hata kama bia haionekani. Globe hivyo hivyo. Kuna watu watasema andika jina rasmi. Rasmi ya nani? Rubani akipotea akauliza kwa redio ama akapiga simu nyumbani, atajibiwa kwa jina ambalo watu wanatumia. Mambo ya majina hayajawahi kusimama hata kwa viwanja vyenyewe, maana Embakasi iligeuka Jomo Kenyatta 1978, na Wilson kabla ya 1962 ilikuwa Nairobi West. Meigs Field nayo meya wa Chicago aliituma matingatinga usiku mmoja wa Machi 2003, wakachimba alama kubwa za X kwa njia ya kurukia. Leo ni bustani. Lakini Microsoft walipotoa toleo la kuadhimisha miaka 40 mwaka wa 2022, Meigs ilikuwemo, na jina lake. Kiwanja kimekufa miaka karibu ishirini na bado watu wanatua.

Kama kiwanja kilichokufa Chicago kina lebo, basi hakuna sababu mahali palipojaa watu Nairobi pakose. Kibera, kwa mfano. Hadi 2009 kwa ramani za mtandaoni palikuwa na doa tupu, na kwa ramani rasmi paliandikwa msitu. Jina lenyewe, Kibra kwa Kinubi, linamaanisha msitu, kwa hivyo ni kama mchora ramani alisimama miaka mia moja nyuma akagoma kusonga. Mwaka huo vijana 13 wa mtaani walifundishwa kutumia vifaa vya GPS, wakatembea vichochoro kwa majuma machache, wakaandika visima, zahanati, shule, vyoo, misikiti na makanisa ndani ya OpenStreetMap. Mradi ukaitwa Map Kibera. Ni ramani ile ile iliyosimamisha mnara wa Melbourne.

Sasa angalia kitu kutoka futi elfu mbili. Ile Reli ya Uganda, ikitoka stesheni ya Nairobi kuelekea magharibi inapita katikati ya Kibera. Rubani anayefuata reli kwenda Kisumu kwa macho, kwa ndege ya kweli ama kwa kompyuta, atapita juu ya hizo nyumba kabla hajaona Bonde la Ufa. Kwa faili ya lebo ninayotengeneza sasa, kipande hicho cha reli kina majina matano: Laini Saba, Lindi, Makina, Kisumu Ndogo, Gatwekera. Nimeyapa kimo kidogo tu juu ya mabati, ili usiyasome mpaka ushuke.